Ua Halipangwi Mafungu

Kila kitalu cha maua Dar es Salaam kinamjua mteja huyu. Anashuka kwenye gari, haamkii, anakwenda moja kwa moja kwenye jani lililonona kuliko yote, analifinya kwa kucha mpaka utomvu unatoka. "Kumbe la kweli! Nilidhani la plastiki." Anarudi zake kwenye gari. Jani limebaki na alama kama mwezi mwandamo, na alama hiyo haiponi, maana jani si kidole kwamba litaota nyama mpya. Litakaa na kovu lake mpaka lidondoke. Mteja wa pili analiona kovu: "Hili lina ugonjwa. Nipunguzie."

Dawa ya kucha ipo. Weka mbele ua moja la sadaka, sansevieria yenye majani magumu kama upanga, na kibao: FINYA HILI. Wafinye mpaka wachoke.

Lakini tusiwasingizie wateja peke yao. Hebu pita Barabara ya Bagamoyo utazame wauzaji tulivyopanga. Viriba vyeusi mia mbili, mmea uleule, mistari imenyooka chini kwenye vumbi, kama nyanya za genge. Ua halipangwi mafungu! Mtu yuko ndani ya gari linalokwenda, anaona nini? Kijani chini ya kijani, mbele ya kijani. Kwake yeye hizo ni nyasi ambazo halmashauri haijafyeka. Hasimami kwa ajili ya nyasi.

Kinachomsimamisha ni kitu kimoja kikubwa kilichoinuliwa. Chagua mmea mmoja wa kimo cha mtu, utie kwenye chungu cheupe au cha njano, chungu ukiweke juu ya matofali mawili ya bloku. Basi. Nyuma yake weka ngazi ya mbao: vidaraja vinne, kila kimoja kimo cha sentimita 30 na upana wa 25, cha juu kiishie mita 1.2 kutoka chini. Huko juu ndiko kwenye vitu vidogo vya bei kubwa, kwa sababu mwenye hela mara nyingi ndiye mwenye mgongo mbovu. Hatainama kutazama kichungu cha elfu thelathini, ataona kama anaokota. Mimea inayotambaa itundike juu zaidi, mikubwa ibaki chini. Miguu ya ngazi ipake oili chafu, mchwa wa Dar hawachagui. Na tofali mbili ziwekwe nyuma kwenye kidaraja cha chini, kwani kusi likivuma ngazi yote inalala kifudifudi na kutwa nzima utaokota vigae.

Halafu mko kwenye hifadhi ya barabara, msijifanye mmenunua kiwanja. Ikichorwa X nyekundu, jengo la bloku hulibebi. Kila kitu kiwe na magurudumu au kibebwe na watu wawili. Guta moja lililofungwa rafu mbili pembeni linatosha kuwa duka zima. Asubuhi liko hapa, jioni liko nje ya kanisa penye harusi, Jumamosi liko mnadani. Baiskeli mbovu yenye kapu mbele na nyuma nayo inavutia macho, ila muifunge mnyororo. Watu wanaiba baiskeli isiyo na tairi, sijui wanakwenda nayo wapi.

Kosa jingine, na hili ndilo linaloua biashara: tunapanga kwa jina la mmea. Mteja hajui jina. Mteja ana kona. Ana kona ya TV, ana choo kisicho na dirisha, ana baraza linalopigwa na jua la saa nane, ana meza ya ofisini chini ya kiyoyozi. Amekuja na kona kichwani, wewe unamwambia "aglaonema". Panga kwa kona. Kibao kimoja kiseme SEBULENI MBALI NA DIRISHA, kingine BARAZA LA JUA, kingine OFISINI KWA BOSI. Kiti kibovu, meza ndogo, na fremu ya TV iliyopasuka ukiegemeza nyuma, tayari una sebule ya maonyesho ambayo mtu anajiona yumo ndani yake. Ataununua mmea pamoja na chungu, na pengine ataulizia kiti.

Ila kabla hujaweka kibao cha SEBULENI, huo mmea umeuzoesha? Mmea uliokulia juani una majani yaliyojipanga kwa jua. Ukihamia sebuleni ghafla unayaangusha, na fikasi ndiye bingwa wa kuvua nguo mbele za watu. Uweke kwanza wiki tatu chini ya neti ya kivuli ya asilimia 70, na maji upunguze. Muuzaji asiyefanya hivyo anauza kitu kitakachopukutika siku ya sita, kisha analalamika kwamba wateja hawarudi. Wanarudi, kaka. Wanarudi na majani kwenye bahasha.

Kuna mteja mwingine atakwambia, "Haya si yanaota bure kijijini kwetu?" Usikasirike, wakati mwingine ana haki. ZZ, lile linalong'aa kama limepakwa mafuta, ni la kwetu: hujiotea kwenye misitu ya pwani ya Afrika Mashariki. Waholanzi wakaanza kulizalisha kwa wingi miaka ya 1990, sasa linauzwa dunia nzima, na sisi tunalitazama kama mgeni aliyeshuka na ndege. Hivyo hivyo vayoleti ya Usambara. Mwaka 1892 afisa wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, aliituma kwao kutoka milimani huko Tanga, mwaka uliofuata ikapewa jina la ukoo wake, na leo mtu wa Lushoto anauziwa Saintpaulia kwenye kijichungu chenye utepe. Basi uza na hadithi. Kadi ndogo, mistari mitatu, "huyu ni mzaliwa wa hapa." Hadithi haina gharama ya maji. Lakini usimdanganye mtu wa Dar kwamba vayoleti itachanua juu ya friji yake. Ile ni ya ubaridi. Joto likipita nyuzi 30 inagoma kuchanua, kwa hiyo iende kwenye kile kibao cha bosi mwenye kiyoyozi, na imwagiliwe kwa chini, maana maji baridi yakigusa majani yanaacha madoa.

Majina na bei andika kwa penseli. Narudia, penseli! Kalamu ya wino mnene inapauka juani, baada ya mwezi vibao vyote vimekuwa vyeupe na kila mteja anauliza bei upya, wewe unataja bei tofauti na ya jana. Kata ndoo ya mtindi vipande virefu, sugua kwa msasa kidogo, andika, choma kwenye udongo.

Sasa tuje kwenye hiki kizungumkuti cha mjini: terariamu, yaani bustani ya ndani ya chupa. Lilianza kwa bahati. Mwaka 1829 daktari mmoja wa London, Nathaniel Ward, alifungia buu la nondo kwenye chupa yenye udongo akitaka kuona linavyogeuka, kikaota kijimmea cha jamii ya kangaga kikaishi humo bila kumwagiliwa. Ndani ya chupa maji hupanda mvuke, hugonga kioo, hurudi chini. Jambo rahisi. Sisi tumelifanya kaburi la kioo.

Kaburi la kwanza: kaktasi ndani ya mtungi wenye kifuniko. Jamani! Kaktasi ni mtu wa nusu jangwa, unamfungia kwenye bafu la mvuke. Wiki ya tatu shina limekuwa uji. Kaktasi na wenzake wa majani manene wakae kwenye bakuli la wazi, nusu ya udongo iwe mchanga wa mtoni wenye chembe kubwa, maji kila siku 10 hadi 14. Mtungi wa kufunga ni wa wapenda unyevu: kangaga ndogo, fitonia, peperomia, na lile zulia la kijani linaloota ukutani nyuma ya choo wakati wa masika. Hilo la bure, likwangue na kisu, lioshe, lipo tayari.

Kaburi la pili: mchanga na kombe za baharini. Zinapendeza, ndiyo. Mchanga una chumvi, kombe ni chokaa, na mizizi ya fitonia haijui kuogelea. Tumia kokoto ndogo zilizooshwa mpaka maji yatoke meupe.

Kaburi la tatu: udongo wa chini ya mwembe uliochotwa jana. Humo mna mayai ya kila kiumbe. Mteja amekaa sebuleni na wakwe, jongoo anapanda kioo. Chekecha udongo, uloweshe kidogo, uchemshe kwa mvuke kwenye sufuria iliyofunikwa nusu saa, uache upoe. Sufuria hiyo isirudi jikoni, mama akijua utalala nje.

Mtungi wa lita nne, ule wa pipi za dukani wa kioo, mdomo upitishe ngumi, ndio wa kuanzia. Kokoto sentimita mbili chini. Juu yake kipande cha chandarua chakavu, ili udongo usishuke kujaza nafasi za kokoto. Kisha mkaa uliopondwa kama punje za mahindi, sentimita moja, husaidia kuzuia harufu. Mkaa wa kuni, si jivu la jiko. Halafu udongo sentimita sita: sehemu mbili makumbi ya nazi yaliyosagwa, moja mboji, moja mchanga wa mtoni. Finyanga konzi moja: ikishikamana bila kudondosha tone, sawa. Ikitiririka vidoleni, imezidi, iache ikauke. Mimea mitatu inatosha, mmoja mrefu nyuma, miwili mbele, na majani yasiguse kioo, yakigusa yanaoza pale pale. Pandia kwa kijiko kilichofungwa kwenye kijiti cha mishikaki. Maji, robo kikombe, yapite pembeni kwenye kioo yaoshe vumbi. Ya kisima cha chumvi usitumie, yanaacha ukurutu mweupe kwenye kioo, na kuyachemsha hakusaidii, kunazidisha chumvi. Kinga ya mvua, au yale ya kiyoyozi yanayodondokea wapita njia.

Usiuze siku hiyohiyo! Hapa ndipo tamaa inapotuumbua. Uweke wiki mbili kwenye kivuli chenye mwanga. Ukungu wa asubuhi ukiisha kufika mchana, mtungi uko sawa. Kioo kikifuka kutwa nzima, fungua kifuniko kwa muda wa saa tatu au nne, rudia kesho. Na usiupange juani hata dakika ishirini kwa ajili ya kuvutia wapita njia. Kioo kilichofungwa juani ni oveni, jioni una mchicha wa kuchemsha.

Anayetaka sanduku badala ya mtungi aende kwa fundi wa alumini na vioo, kioo cha milimita tano, kiungwe kwa silikoni. Isubiri mpaka harufu ile ya siki iishe kabisa, siku mbili tatu, ujaze maji kutafuta panapovuja, ndipo upande. Fundi atasema "hata leo leo inawezekana." Muache aseme.

Bei sasa. Tuseme mtungi 6,000, mimea 7,500, kokoto na udongo 1,500, kadi na kamba 1,000, kazi yako 4,000. Jumla 20,000. Wengine wanauza 22,000 wanajiona matajiri. Katika kumi, miwili itaoza au itapasuka, hiyo haina ubishi. Gharama ya kumi ni 200,000, utauza minane, kila mmoja una deni la 25,000 kabla hujapata senti. Kwa hiyo bei ni 35,000, unaanzia 40,000 kwa sababu mteja naye ana kazi yake ya kupunguza, usimnyime riziki. Na bei iandikwe kwenye picha. "Bei njoo inboksi" ndiyo tabia gani hii? Mtu anaona ua, sio mchumba.

Picha ipige kati ya saa moja na saa tatu asubuhi, mwanga utoke pembeni, nyuma weka kitambaa cheusi ili kioo kisirudishe sura yako umevaa taulo. Mkono wa mtu uonekane umeshika mtungi. Bila mkono mteja anadhani ni ukubwa wa ndoo, bodaboda anafika na kitu cha kukaa kiganjani, simu inaanza kulia.

Kuhusu bodaboda: siku mbili kabla ya safari usiongeze maji, udongo mzito ukitikiswa unapanda kioo na mimea inazikwa hai. Jaza gazeti lililokunjwa mbavuni mwa boksi, andika juu KIOO, na mwambie kijana kwa mdomo pia, maandishi hayasomeki kwenye tuta. Vichungu vidogo vya plastiki vinavyoingia vyumba vya kreti ya soda vinasafiri humo 24 kwa mkupuo bila kugongana. Rambo la kubebea hatuna tena tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 1, 2019, na mteja bado analidai kwa sauti ya mtu aliyedhulumiwa. Mpe boksi la sabuni lenye kamba.

Mwisho kabisa, kadi ya matunzo. Usiandike "mwagilia kidogo". Andika: vijiko viwili vya chai, mara moja kwa mwezi, kioo kikikauka tu. Kisha funga kijiko chenyewe shingoni mwa mtungi kwa uzi. Maana kuna nyumba, dada yangu, "kidogo" yao ni jagi.