Abigail Adams angekuwa jirani yetu Kigamboni

Ukiishi hapa Massachusetts lazima umsikie Abigail Adams, mke wa rais wa pili wa Marekani. Sifa zote huenda kwenye barua yake ya Machi 31, 1776, aliyomwandikia mumewe John aliyekuwa Philadelphia kwenye Bunge la wapigania uhuru: mkitunga sheria mpya msiwasahau wanawake, wala msiwape waume mamlaka yasiyo na mpaka. John akamjibu kwamba amecheka tu. Mimi naona barua hiyo inatukuzwa kupita kiasi, na mambo aliyoyafanya kwa mikono yake hayatajwi.

John alikuwa mtu wa ughaibuni kama sisi Watanzania wa huku. Miaka na miaka yuko Philadelphia, mara Paris, mara Uholanzi. Mke yuko nyumbani Braintree, hapa Massachusetts, na watoto, mifugo, vibarua na kodi. Vita vikapandisha bei hata ya pini za kushonea: za shilingi saba na nusu zikafika ishirini. Mume alipovuka kwenda Ulaya, Abigail akamwambia atume bidhaa badala ya fedha. Leso, riboni na vitambaa vikaja kwa meli, yeye akaviuza kwa faida. Sisi tunaojaza mapipa na makontena hatuhitaji kuelezwa biashara hiyo.

Na faida je? John alikuwa na kichaa cha kununua ardhi. Abigail akaona hati za deni la serikali zinalipa zaidi, akazinunua kupitia mjomba wake, ingawa sheria ya wakati ule ilisema mali yote ya mke ni ya mume. Yeye aliziita fedha zake.

Mwanamke wa namna hiyo, mumewe alipoingia madarakani mwaka 1797, hakuja kupambwa sebuleni. John alimtaka ushauri, wapinzani wakambandika jina la kejeli, Bibi Rais. Si kila ushauri ulikuwa mzuri, maana mwaka 1798 alishabikia sheria ya kuwafunga wahariri waliomtukana mumewe. Mwana kulitafuta.

Wenyeji hapa hushangaa nikiwaambia Tanzania ina rais mwanamke tangu 2021, wao bado. Hapo natamba. Lakini tukija kwenye viwanja vyetu vya Kigamboni, Dar es Salaam, natulia. Sheria ya Ndoa ya 1971 inamruhusu mke kumiliki mali yake mwenyewe, kitu ambacho Abigail hakukipata. Hata hivyo, anayesimamia fundi, anayehesabu mifuko ya saruji na anayegombana na mvamizi ni mke au dada, na mkataba wenye muhuri wa serikali ya mtaa una jina la mwanaume aliyeko Boston ambaye bikoni za mipaka ya kiwanja hajaziona. Nyumba ya mwanaume huyohuyo huku ina majina mawili, kwa sababu benki ilitaka sahihi mbili.

Mwaka 1816 Abigail aliandika wosia, jambo ambalo mke wa mtu hakuwa na haki nalo. Fedha na nguo nyingi aliwaachia wajukuu wa kike, wapwa na watumishi wake wanawake. Alipofariki mwaka 1818, John angeweza kuuchana. Aliutekeleza.

Kwenye kundi letu la WhatsApp niliuliza nani ameandika wosia, nikajibiwa na mikono ya maombi. Shamba letu la Muheza nimeshaandikisha kwa jina la dada anayelilima. Wajomba wameanza kunipigia simu.