Darasa la Tano Wazima Rejeta

Shule nyingi za Arusha zikitaka kuwatoa watoto huwapeleka Makumbusho ya Azimio la Arusha pale Kaloleni, au lile boma la Wajerumani la mwaka 1900 ambalo siku hizi ni makumbusho ya historia ya asili. Watoto wanatoka wakijua kwamba Azimio lilitangazwa 1967, wanakula mandazi, wanarudi. Sijaona mtoto aliyetoka Kaloleni akataka kutangaza azimio ndani ya kosta. Moto ni somo jingine kabisa.

Makumbusho ya zimamoto yenye magari ya farasi na kofia za shaba yako huko Ulaya na Marekani, kwa hiyo sisi tuliwapeleka Darasa la Tano kituo cha zimamoto. Afande aliyetupokea alikuwa mwalimu kuliko sisi walimu. Alianza na enzi za kupokezana ndoo, akafika kwa Jan van der Heyden, mchoraji wa Amsterdam, ambaye mwaka 1672 pamoja na ndugu yake walitengeneza mpira wa maji wa ngozi, ili mzimaji aufuate moto ulipo badala ya kuurushia maji akiwa barabarani. Kisha akaweka historia pembeni, akashika mtungi.

Hapo ndipo watoto walipoacha kutafuna. Mtungi wa unga, akasema, kwanza tazama geji: mshale uwe kwenye kijani. Mtungi unaokaa kwenye gari unatikisika mwaka mzima, unga unashuka na kugandamana chini kama saruji iliyolala stoo, kwa hiyo ukiminya inatoka gesi tupu. Dawa yake ni kuupindua kichwa chini na kuupigapiga kitako kwa kiganja. Baada ya hapo vuta pini, lenga, minya, fagia kushoto na kulia. Wengi hukwama kwenye pini, kwa sababu wanaivuta huku wameshaminya mpini. Chuma kinaibana na haitoki hata kwa meno. Na usilenge ndimi za moto, lenga shina lake, chini. Simama kama mita mbili, upepo ukiwa mgongoni. Mtungi wa kilo 6 ni sekunde 15 hivi, wa gari ni chini ya hapo, basi usianze kufikiri ukiwa umeshaminya.

Akaendelea na moshi. Moshi wa moto hupanda juu, hewa ya kuvutika hubaki chini, kwa hiyo tambaa. Ukifika mlangoni, uguse kwa mgongo wa mkono. Kiganja kikiungua utatambaa na nini? Ukitoka umetoka, usirudi kuchukua begi. Mkusanyike sehemu moja mhesabiwe. Namba ni 114: sema kinachoungua, sema mahali pamoja na alama inayoonekana, sema kama kuna watu ndani, na usikate simu mpaka uambiwe.

Somo lote lilikaa sawa. Kitu kimoja hakikutajwa, na wala halikuwa jukumu la afande kukitaja: tofauti ya moshi na mvuke.

Kosta tuliyokodi ilikuwa na rejeta inayovuja kidogo kwenye paipu ya juu, na dereva alikuwa akiijaza maji ya bomba bila kulanti, yaani yale maji maalumu ya kupozea injini. Kwa watu wa Arusha hili si dogo. Mji uko karibu mita 1,400 juu ya bahari, na huku maji ya sufuriani huchemka kwenye nyuzijoto 95 hivi. Kinachozuia maji ya rejeta yasichemke mapema ni mfuniko wake, unaofungia presha ndani. Mpira wa mfuniko ukichoka, presha inapotea, na injini inakuwa birika. Pakia watoto watatu watatu kila siti, vuka mataa ya Sanawari, anza kupandisha kuelekea Ilkiding'a kwa gia ya kwanza, gari linatembea kama mzee aliyetoka kula, upepo hauingii kwenye rejeta. Mshale wa temperecha ulishafika kwenye nyekundu, ila dereva alikuwa ameubandikia stika ya timu yake.

Kwenye kosta injini iko mbele, chini ya mfuniko ulio katikati ya dereva na siti ya abiria wa mbele. Siti hiyo alikuwa ameketi Mwalimu wa Nidhamu, suti ya bluu, mkoba magotini. Wingu jeupe lilipofoka pembeni mwa mfuniko, yeye ndiye aliyeanza.

"Moshi!"

Bora angesema neno jingine lolote lile. Kufumba na kufumbua Darasa la Tano lote lilikuwa sakafuni. Walitambaa wawili wawili, videvu chini, kimya, kwa utaratibu ambao paredi ya asubuhi haijawahi kuuona. Konda alikimbilia mlango, akazuiwa na kijana mmoja mdogo: "Subiri kaka, haujapimwa." Akaugusa kwa mgongo wa mkono, akafikiri, akaruhusu.

Nikashuka nao, nikaanza kuhesabu. Chalii mmoja alikuwa anagaagaa kwenye majani kando ya barabara. Nguo zake hazikuwa na hata cheche. Nilipomuuliza, akajibu bila kusimama, "Tahadhari, madam."

Kiranja alikuwa ameshafika kwa mama muuza ndizi. "Shikamoo mama. Naomba simu, kuna moto." Mama akaitoa simu kabla hajaitika marahaba. Nilimsikia akisema kwa sauti ya kusoma taarifa ya habari: kosta inafuka, ukivuka mataa ya Sanawari ukipandisha, mkono wa kushoto, chini ya mringaringa mkubwa, watu wawili bado wamo ndani. Nikamwashiria akate. Akaziba simu kwa kiganja: "Hawajasema nikate."

Wale wawili walikuwa dereva, anayepambana na kamba ya mfuniko, na Mwalimu wa Nidhamu, ambaye mkanda wa siti ulikuwa umemng'ang'ania. Nyuma yao akatokea kiranja wa afya na mtungi wa gari. Alitazama geji. Aliupindua, akaupigapiga kitako. Alivuta pini kabla ya kuminya, na ikatoka kama siagi. Madirisha yalikuwa wazi, akachagua upande ambao upepo ungempiga mgongoni. Kisha akalenga shina, chini, pale mvuke ulipotokea, yaani sentimita chache kutoka magoti ya Mwalimu, akafagia kushoto na kulia mpaka mtungi ukaisha.

Unga ule ukikutana na mvuke haupeperuki, unanata. Mwalimu alishuka akiwa na macho tu. Baada ya hatua mbili akakumbuka mkoba, akageuka. Watoto kumi walimzibia njia: "Ukitoka umetoka, mwalimu!"

Gari jekundu lilifika kwa king'ora, na aliyeruka chini ni yule yule afande. Alinusa, akashika mfuniko, akatazama tope chini ya injini, akafunga mdomo kwa nguvu sana. Tulisubiri nusu saa injini ipoe. Akafunika mfuniko wa rejeta kwa kitambaa kilicholowa, akauzungusha robo, presha ikapumua, akaumalizia. Injini ikawashwa ndipo maji yakaongezwa kidogo kidogo, maana maji ya baridi kwenye injini yenye moto iliyozimwa hupasua kichwa cha silinda.

Mwisho akauokota mtungi, akamwambia konda aupeleke kujazwa siku hiyo hiyo. Ukishaminywa hata mara moja, unga hukaa kwenye vali na presha huvuja yenyewe.

Konda akashika kichwa. "Sasa afande, kesho trafiki akinisimamisha nimwonyeshe nini?"

Dereva, ambaye tangu asubuhi hakuwa amefungua mdomo, akamtazama Mwalimu wa Nidhamu kuanzia utosini hadi viatuni.

"Mwonyeshe mwalimu."