Vijana hawakuua dansi la Mtera

Watu wa rika langu tukikutana msibani au harusini, tukishashiba, maneno huishia palepale: vijana wameua dansi. Zamani msemo ulikuwa disko limeua dansi, sasa ni Bongo Fleva. Nimeyasikia haya tangu nywele zangu nyeusi. Mimi nimekulia jirani na ukumbi wa dansi kando ya bwawa la Mtera, upande wa Dodoma, na kwa niliyoyaona pale, mashtaka haya siyakubali.

Ukumbi ule ulianza kama kantini ya vibarua. Bwawa lilijengwa miaka ya mwisho ya 1970 ili litunze maji kwa ajili ya mitambo ya umeme ya Kidatu. Mitambo yake lenyewe, ya megawati 80, ilikuja 1988. Vibarua walipoondoka waliacha kuta, mabati na sakafu ya sementi nyekundu, kijiji kikarithi. Maji nayo yalikuwa yameshaleta perege na kambale, na perege wakaleta wavuvi, wengine kutoka mbali kabisa. Sisi Wagogo wa mtama na ng'ombe tulizoea pesa ya msimu. Pesa ya samaki ni ya kila siku, na wenyewe walikuwa na haraka ya kuila. Ndiyo iliyolipa viingilio.

Mjomba wangu alikaa mlangoni. Aliuza tiketi na kukugonga muhuri wa wino wa zambarau mkononi, ili ukitoka kupunga upepo uweze kurudi. Sisi watoto tuligundua dawa yake: unamvizia aliyegongwa sasa hivi, unalowesha mkono wako kwa mate, mnabandika ngozi kwa ngozi, muhuri unahamia kwako. Siku moja Mjomba akanishika mkono, akausogeza kwenye taa.

"Mpwa wangu, mbona wa kwako unasomeka kinyume?"

Nikakosa la kusema. Akaniachia nipite.

Ndani kulinukia poda, maana ilimwagwa sakafuni viatu viteleze. Mchana lilipigwa bugi kwa ajili ya wadogo, usiku dansi lenyewe mpaka majogoo. Spika zilikula umeme wa jenereta, hata baada ya 1988, nguzo kubwa zikitupita juu kwa juu kwenda mijini. Usiku mmoja dizeli ikakata katikati ya wimbo. Giza, miluzi, watu wanadai viingilio vyao. Akina mama waliokuwa wakiuza samaki wa kukaanga pale nje wakavuta ngoma zao, wakazibana mapajani kama zinavyopigwa kwenye muheme, ngoma ya wanawake wa Kigogo, wakaanza. Mpiga tumba wa bendi akatoka na tumba lake kuwafuata. Dizeli ilipopatikana hakuna aliyetaka kurudi ndani.

Lakini niseme kuhusu lori, maana hoja yangu yote iko kwenye lori.

Bendi nyingi za enzi zile zilikuwa mali ya taasisi. NUTA Jazz, iliyoanza 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Polisi walikuwa na bendi yao, Magereza yao, Jeshi la Kujenga Taifa yao. Mlimani Park ilipoundwa 1978 mwenye nayo alikuwa shirika la usafiri na teksi. Vyombo ni vya mwajiri, mwanamuziki analipwa mshahara kama karani, na safari ikiharibika halali njaa kwa sababu hiyo. Zilizofika kwetu hazikuwa bendi kubwa hizo. Zilikuwa za Dodoma mjini, ila mpango ulikuwa uleule: taasisi ina lori, lori linabeba magita, spika, wapigaji na wake zao, linakula vumbi zaidi ya kilomita 100, kesho yake linarudi.

Miaka ya 1990 mashirika yakaanza kupunguza watu, mengine yakauzwa. Mkurugenzi anayehesabu wa kuwaachisha kazi atamtetea vipi mpiga besi? Hapohapo bwawa nalo likapungua. 1992 na 1994 nchi nzima iliona mgawo wa umeme, na sisi tuliona maji yakiondoka mlangoni. Ukumbi wa kando ya maji ukawa unatazamana na tope lililopasuka na mibuyu iliyokufa, wavuvi wakahamisha kambi kuyafuata maji.

Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zikalijaza bwawa. Wavuvi wakarudi, na pesa ya perege ikarudi. Kama shida ingekuwa watu kukosa hamu au kukosa hela, dansi lingefufuka mwaka ule. Lori ndilo halikurudi. Aliyekuja ni kijana mmoja na spika mbili na sanduku la kaseti, amepewa lifti na gari la samaki. Tukacheza alicholeta. Mlitaka tucheze nini?

Wanaoandika historia ya dansi hutuhesabia watunzi, mitindo na ugomvi wa bendi za Dar es Salaam, nani alihama na nani. Sijaona anayehesabu malori.

Desemba iliyopita nilipita pale. Siku hizi ni ghala la mahindi na nyavu. Nikamwomba mwenye funguo asogeze magunia mawili mbele ya jukwaa: wekundu umelika, sementi imebaki ya kijivu, laini kama bakuli lililosuguliwa. Pembeni, walikokuwa wanakaa wasiocheza, rangi bado iko.

Niliporudi mjini nikampigia simu kiongozi wa bendi moja ndogo inayopiga mahotelini, nikamwambia nataka usiku mmoja tu Mtera, kabla ya msimu wa mavuno. Hakuuliza tarehe wala malipo.

"Gari la nani?" akasema.