Daktari akigoma, nani ameuliza mgonjwa?

Kila mgomo wa madaktari ukianza hapa Kenya maneno huwa ni yale yale, huyu anasema hawa watu hawana huruma wanaacha watu wafe juu ya pesa, yule anasema serikali ilisaini mkataba wenyewe basi ilipe. Wote wako na ukweli wao. Lakini anayetegemea hiyo hospitali ya kaunti hakuna mahali ameulizwa, si na chama cha madaktari wala si na serikali, na hapo ndipo mimi naona shida kubwa iko.

Nianze na upande wa chama kwa sababu huwa unasemwa vibaya sana. Mgomo wa 2016 wa KMPDU, hicho chama cha madaktari, ulianza tarehe 5 Desemba ukaisha 14 Machi 2017, siku 100. Kilichokuwa kinasikika kwa habari ni nyongeza ya mshahara ya asilimia 300 tu, ila huo mkataba ulikuwa umesainiwa Juni 2013 na kulikuwa na mambo ya kuajiri madaktari zaidi, mafunzo na pesa ya utafiti ndani yake, ukalala kwa droo miaka mitatu na kitu. Viongozi saba wa chama wakapelekwa jela Februari kwa kudharau korti, mpaka Mahakama ya Rufaa ikawatoa. Halafu ona ya maintani, yaani madaktari wapya walio kwa mafunzo ya kazi, mkataba wa 2017 ulisema walipwe karibu shilingi 206,000 kwa mwezi, 2024 serikali ikasema itawapa 70,000, watu wakagoma siku 56 kuanzia Machi mpaka Mei na hata hapo hiyo ya maintani haikuisha, ni Desemba ndio serikali ikakubali kulipa kama ilivyoandikwa na hiyo pia ni baada ya mgomo mwingine kutangazwa. Kwa hivyo mtu akiniambia wakae chini waongee mimi humuuliza, na si waliongea wakasaini?

Sasa upande wa mgonjwa. Katiba ya 2010 kifungu cha 41 kinampa mfanyakazi haki ya kugoma, na vifungu viwili tu mbele, cha 43, kinampa kila mtu haki ya afya. Mgomo ukiingia, mwenye bima nzuri anaenda praiveti. Wanaobaki getini ni kina mama ametoka mbali na boda, mtoto ana joto amefungwa leso, askari anamwambia "mama madaktari hawako, jaribu mission", na hiyo hospitali ya mission foleni imetoka mpaka nje na kuna deposit. Huyo mama hata siku za kawaida glavu na dawa hununua kemisti ya nje. Gavana na mawaziri hawaumii hata kidogo. Huu ndio uzito wa hoja ya wanaopinga migomo, na mtu wa chama akiupuuza anajidanganya, manake silaha yenyewe inampiga mtu ambaye hata si mwajiri.

Na kuna kitu kizuri madaktari walifanya Januari 2017 nafikiri hawakukitumia ipasavyo. Walianza kuandika Twitter kwa #MyBadDoctorExperience, kila mtu anaeleza mgonjwa aliyempoteza kwa kukosa vitu vya kawaida kabisa. Nakumbuka vile watu walibadilika, jamaa walikuwa wanawatukana wakaanza kusema kumbe ndio hali. Lakini mgomo ulikuwa umeshaanza zaidi ya mwezi, na haya ni mambo mgonjwa mwenyewe anayajua, angeambiwa mapema wayasukume pamoja.

Walimu wa Chicago, Marekani, walienda mbali zaidi kwa hili. Kabla ya mgomo wao wa 2012 chama chao, Chicago Teachers Union, wakati huo Karen Lewis ndiye kiongozi, ilifanya kazi na wazazi mitaani kwanza, na 2019 wakagoma siku 11 za shule wakidai mpaka nesi na mfanyakazi wa ustawi wa jamii kwa kila shule, na wakaipata, ikakubaliwa iingie pole pole. Hata makazi ya wanafunzi wasio na nyumba waliyaweka mezani! Jiji likasema hayo si ya mkataba wa kazi, na siwezi kusema hoja hiyo ni bure, manake mwisho mlipa ushuru atauliza ni nani aliwachagua hawa wapange mambo ya nyumba. Na mzazi wa kupoteza siku 11 yuko pia. Tena kuungwa mkono si kinga, 2013 jiji likafunga shule karibu 50 hata baada ya ule mgomo.

Hatari nyingine ni siasa. KNUT, chama cha walimu hapa Kenya, tuliiona, Wilson Sossion akawa mbunge wa kuteuliwa na ODM, chama cha upinzani wakati huo, 2017 akiwa bado katibu mkuu wa KNUT, na hata kama vita na TSC, tume inayoajiri walimu, vilikuwa na sababu zingine nyingi, hiyo ilifanya iwe rahisi kila dai la mwalimu kuitwa la upinzani.

Kwangu mimi chama cha watumishi wa umma kijiingize kwa jamii, ila kupitia bajeti, si kupitia jukwaa la mgombea. Sheria ya fedha za umma ya 2012 ilisema kila kaunti iwe na kongamano la bajeti na uchumi, CBEF, na imetaja kabisa wawakilishi wa wafanyakazi, akina mama, walemavu, wazee na watu wa dini wakae hapo na gavana. Kiti kiko. Kaunti inatakiwa kupeleka mpango wake wa fedha kwa bunge la kaunti kufikia 28 Februari na makadirio kufikia 30 Aprili, kwa hivyo tawi la KMPDU na la manesi wangekuja Januari na hesabu ya glavu, oksijeni na madaktari wanaokosekana, wakae na kamati za hospitali na kanisa na msikiti, hiyo hesabu isomwe na mama mgonjwa mwenyewe mbele ya MCA wake, mwakilishi wa wadi kwa hilo bunge. Gavana anaweza kuipuuza, wengi watafanya hivyo mwaka wa kwanza. Lakini notisi ya mgomo ikitoka Machi, huyo mama atakuwa anajua nani alikataa na lini.