Nyimbo kumi zisizochezeka

Mwimbaji chipukizi akipeleka kwenye studio ya Goma, mashariki mwa Kongo, nyimbo kumi za polepole kuhusu kukua kwake, jibu linajulikana: haichezeki, nani atainunua? Akitaja Pure Heroine, albamu ya mwimbaji Lorde wa Nyuzilandi, kama mfano, anaambiwa huo ni muziki wa watoto waliokosa shida. Jibu la kwanza lina uzito. La pili ni la mtu ambaye hakusikiliza.

Uzito wenyewe ni huu. Pesa ya mwanamuziki wa hapa inatoka kwenye harusi, kwenye nganda (baa) na kwenye mabanga: tajiri analipa, jina lake linatajwa ndani ya wimbo. Wimbo wa msichana anayeogopa kuzeeka hauna mahali pa kupachika jina la mwenye depo ya simenti. Sebene, ile sehemu ya magitaa ya kuchezesha, pia hauna, basi maharusi hawana kazi nao. Mitandaoni hesabu inauma zaidi. Tangu 2024 Spotify hailipi wimbo ambao haujafikisha kusikilizwa mara 1,000 ndani ya miezi 12. Chukua nyimbo kumi, kila mmoja umesikilizwa mara 900. Jumla ni 9,000, malipo ni sifuri. Wimbo mmoja wa kucheza uliosikilizwa mara hizo hizo 9,000 umeshavuka mstari. Kanuni yenyewe inaiadhibu albamu na kuupendelea wimbo mmoja. Tena nyimbo zinazopita simu kwa simu, kwa Bluetooth au kwa kadi, haziingii katika hesabu ya mtu yeyote. Prodyuza anayesema “toa mmoja tu” amepiga hesabu yake, na haikukosea.

Lakini hoja ya pili, kwamba huo ni muziki wa anasa, haisimami. Albamu ile ilitoka tarehe 27 Septemba 2013, wiki sita kabla ya Lorde kutimiza miaka 17. Ni nyimbo kumi, dakika 37, alizotengeneza na Joel Little katika studio ndogo ya Auckland, Nyuzilandi. Inaitwa albamu ya kujitazama, ila ukifuatilia anayesema humo ndani, mara nyingi ni kundi: yeye na rafiki zake, usiku wao, mabasi yao, pesa wasiyokuwa nayo. Wimbo mmoja unasifu miji ambayo hakuna anayeiona kwenye skrini. Hapo ndipo kijana wa Goma ana la kuongeza, maana mji wake unaonekana kwenye skrini, tena sana, ila kwa lava na kwa bunduki tu.

Aliyezaliwa Goma 2008 alikuwa na miaka 12 au 13 volkano ya Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, na 16 au 17 waasi wa M23 walipoingia mjini mwishoni mwa Januari 2025. Kati ya tarehe hizo mbili alipenda, akaachwa, akagombana na mama yake kuhusu saa ya kurudi nyumbani, akachoshwa na Jumapili ndefu. Kuchoshwa si mali ya Auckland peke yake. Anapopewa kazi na shirika, anaombwa wimbo wa amani, wa kipindupindu, wa kunawa mikono. Ni kazi halali na inalipa kodi ya nyumba, lakini maneno yanakuja na mradi. Nganda inamtaka achezeshe, shirika linamtaka ahamasishe. Albamu ya kukua ndiyo kazi pekee ambayo hajaagizwa na mtu.

Kuna wanaosema muziki wa aina hii ni rahisi: besi, ngoma ya chini, vidole vinavyolizwa, sauti. Vyombo ni vichache kweli, na hiyo ni nafuu kwa mfuko wetu. Ila gitaa tatu za sebene huficha makosa mengi, na hapa hakuna cha kuyaficha. Mwimbaji wa sauti ya chini anasimama sentimita 10 hadi 15 kutoka kwenye maikrofoni, kikinga pumzi kikiwa katikati, na fundi anaongeza nguvu ya kuingiza sauti. Vyote vinavyozunguka vinapanda pamoja nayo: jenereta ya jirani, pikipiki, mvua kwenye mabati. Nyumba ya mbao haizuii kitu. Kisha kompresa, kifaa kinachobana sauti kubwa zikaribie ndogo: ukirudisha desibeli 10 baada ya kubana, umeinua kelele kwa desibeli 10 hizo hizo.

Na utamu wa Lorde uko kwenye sauti yake mwenyewe iliyorundikwa tabaka juu ya tabaka. Kila unapoongeza tabaka maradufu, kelele ya chini inapanda kama desibeli 3. Tabaka nane ni desibeli 9, na zinasikika pale pale kwenye kimya ambacho wimbo unakitegemea. Dawa ipo, inataka subira tu. Rekodi usiku jenereta zikizimwa, ukitumia betri. Zungushia magodoro na blanketi nzito, nyuma ya mwimbaji kwanza, kwa sababu maikrofoni inatazama huko. Ondoa yaliyo chini ya hertzi 80 kwenye sauti. Kata kila pengo katika kila tabaka na ulainishe ncha kwa milisekunde 10 au 20, la sivyo utasikia mlio mdogo kila unapokata. Mwisho, sikiliza kwenye simu. Spika ya simu hudhoofika sana chini ya hertzi 200 hivi, kwa hiyo besi ya hertzi 50 iliyobeba wimbo mzima inapotea na sauti inabaki inaelea peke yake. Iongezee oktavu ya juu, au ichafue kidogo ili isikike. Wengi husahau hatua hii, halafu wanasema wasikilizaji wa Goma hawaelewi.

Kuhusu pesa, watetezi wa albamu husahau jambo moja: Lorde hakuanza na nyimbo kumi. Novemba 2012 aliweka tano bure kwenye SoundCloud, albamu ikafuata miezi kumi baadaye, baada ya wimbo mmoja kati ya hizo tano kuenea. Tano zinatosha kwa wimbo mmoja kuvuka 1,000, na harusi za Jumamosi zinaweza kuendelea. Ni kweli alikuwa tayari na kampuni kubwa nyuma yake, jambo ambalo hapa huwezi kulitegemea.

Lugha ndiyo inayobaki ngumu. Lingala inafungua Kinshasa, na ukitaka kuchezesha unaweza kuazima maneno yake. Ugomvi na mama hauazimwi; utatoka kwa Kiswahili cha Birere, mtaa wa Goma, na Kifaransa cha shule kimechanganyika ndani yake. Dar es Salaam watatabasamu, Kinshasa wataruka wimbo. Bukavu na Bunia wataelewa kila neno, na kwa nyimbo tano za mwanzo soko hilo si dogo.