Siku Niliyopeleka Saa Mbele

Jumapili ya mwisho ya Oktoba, Uingereza nzima hurudisha saa nyuma kwa saa moja. Mimi yangu niliipeleka mbele.

Msinicheke upesi. Mtu aliyekua akiona mshale uko kwenye tisa na yeye anasoma saa tatu, hesabu za saa hazimtishi. Ndiyo maana sikumuuliza mtu. Simu ingeniokoa, lakini niliiacha nyumbani kwa heshima ya kanisa, isije ikalia nikaaibika.

Bibi jirani yangu hapa Yorkshire ndiye aliyenialika. Kikundi chao huimba nyimbo za kale za wakulima na wachunga kondoo, bila kinanda wala gitaa, vinywa vitupu, na siku hiyo walikuwa na tamasha saa tisa alasiri kwenye kanisa kuukuu la kijijini. Aliposikia kwamba kule Moshi niliimba besi kwenye kwaya ya usharika, akasema, "Basi njoo, mpenzi." (Huku mpenzi ni kila mtu, hata abiria anayelipa nauli ya basi. Mke wangu ilimchukua miezi kuelewa.)

Nikala ugali wa kushiba, nikafika saa tisa kasorobo kwa saa yangu. Kwa saa ya Mfalme, ilikuwa saa saba kasorobo. Mlango wazi, ndani hamna mtu. Nikasema moyoni: kumbe hata Wazungu huchelewa!

Baridi ya mle ndani, acheni tu. Wazee wa huko waliijua, ndiyo maana baadhi ya makanisa ya zamani, kama lile la St Mary's pale Whitby, yana viti vilivyozungushiwa mbao kama makasha, kila kasha na kilango chake, upepo usipige miguu. Hili nalo lilikuwa nayo. Nikachagua kasha la nyuma kabisa, nikafunga kilango, nikajilaza kwenye mito ya kupigia magoti niwasubiri hao wachelewaji.

Niliamshwa na sauti. Sauti nne zimepangana, hakuna chombo, zinashuka kutoka darini. Nafumbua macho: mbao kushoto, mbao kulia, mbao miguuni. Ndugu zangu, nilijua nimo ndani ya jeneza na hiyo ndiyo ibada yangu. Uchungu wangu wa kwanza ukawa: mbona hawaniimbii Kiswahili?

Nikainuka ghafla. Mama wa kasha la mbele akageuka, akaona kichwa kinachomoza, akapiga ukelele ambao sauti ya kwanza yao nzima isingeufikia. Mwimbaji mmoja aliyeweka kiganja sikioni kama mwadhini akakishusha taratibu. Wimbo ukakatika katikati ya ubeti, kondoo hata hawajafika zizini.

Nikataka kutoka. Kilango kikagoma, unyevu wa vuli ulikuwa umevimbisha mbao. Nikasukuma, nikavuta, nikaomba samahani kwa lugha tatu, mwishowe nikauruka ukuta mbele ya kanisa zima. Suruali nayo ikatoa noti yake.

Wakati wa mapumziko bibi jirani akaniletea chai, nami nimeegemeza mgongo ukutani kwa sababu mnazozijua. Nikaanza kuomba radhi.

"Kwani ni wewe uliyekuwa mle chini?" akaniuliza. "Sisi tulidhani ni upepo kwenye mabomba ya kinanda."

Upepo gani? Ndipo nikaelewa. Nilikuwa nakoroma.

Akanieleza bila hata kutabasamu kwamba waimbaji wasio na kinanda hushuka kidogo kidogo, wanaanza juu na kumaliza chini bila kujijua. "Leo, wimbo wa tatu hatukushuka kabisa. Tulikuwa tunakufuata wewe. Mazoezi ni Jumanne, mpenzi."

Nyumbani mke wangu aliitazama suruali kwa muda mrefu, kisha akauliza tamasha lilikuwaje.

Nikamwambia niliimba.