Chungu Kilichopanda Kiti cha Ofisi

Mke wangu ndiye aliyechora ramani ya chungu cha maua. Katikati isimame drasena, mmea wa majani marefu, maua ya petunia yaizunguke na kujaza nafasi, na ukingoni viazi vitamu vya mapambo, vile vya majani ya zambarau, viteremke hadi chini. Alipima kwa rula kabisa. Mmea wa kati usizidi sana mara mbili ya kimo cha chungu, la sivyo kila anayepita atadhani unaanguka. Nilikubali yote. Ukiona mtu kashika rula, usibishane naye.

Chungu kilikuwa cha udongo wa kuchoma, cha lita 50, na chini kina tundu moja. Tundu hilo ndilo lililomkosesha shemeji usingizi. Shemeji ni fundi ujenzi, na hajawahi kuona tundu akaliacha salama.

"Shem, hapa maji yatachafua sakafu."

Kabla sijafungua mdomo, keshakoroga saruji kwenye kopo. Akaziba, akalainisha kwa kidole, akapuliza. Juu yake akamwaga kokoto, eti maji yakajifiche huko. Nikamwambia maji hayatoki kwenye udongo laini kuingia kwenye kokoto mpaka udongo ule ushibe kabisa, kwa hiyo kokoto zinasogeza tu tope karibu na mizizi. Akaniangalia kwa huruma.

"Shem, mimi najenga maghorofa."

Kisha akachomeka mshubiri wake pembeni, zawadi. Mshubiri, usiopenda maji, ukae chungu kimoja na petunia zisizovumilia kiu! Mke wangu aliitazama ramani yake, akaikunja taratibu, akaingia ndani.

Kwa muda chungu kilipendeza, sikatai. Halafu majani ya drasena yakaanza kuwa ya njano kuanzia chini, na petunia zikalegea. Mizizi ikikosa hewa huoza, na mmea wenye mizizi mibovu hunyauka huku umesimama kwenye maji. Shemeji aliona mnyauko tu. Kila akija anauliza, "Hivi hamwagilii?" na mkono keshaupeleka kwenye ndoo. Mshubiri ulilainika mpaka ukibonyeza jani, kidole kinazama. Chungu nacho kikaanza kunuka mayai viza.

Ndipo mama mkwe akapiga simu kwamba yuko njiani. Mke wangu akaamuru chungu kihamie upande wa pili wa baraza, mbali na dirisha la sebuleni. Tukajaribu kukiinua, hakikutikisika. Lita moja ya maji ni kilo moja, na humo ndani yalikuwamo ya kutosha mtu kuoga na kusuuza. Shemeji akaenda chumbani, akarudi anasukuma kiti cha ofisi cha dada yake.

Tulikipandisha chungu kwa jasho na maneno nisiyoweza kuandika hapa. Kikakaa. Kiti kikasema *psssss*, kikashuka polepole, kwa heshima zote, mpaka mwisho. Tukacheka. Tulipokuwa tunacheka, magurudumu yakaanza kuzunguka.

Sasa, sakafu ya baraza ile aliijenga shemeji mwenyewe, na kwa ufundi wake aliipa mteremko mzuri hadi getini ili maji ya mvua yasituame. Kiti kikaufuata mteremko. Kilikwenda kinajizungusha, drasena inatupungia majani yake ya njano, viazi vitamu vinaburuzika nyuma, sisi tunakimbia tumenyoosha mikono. Geti likafunguka. Mama mkwe akaingia na mkoba wake.

Kiti kiligonga ukingo wa mfereji mbele yake, kikasimama ghafla. Chungu kikainama, kikajibwaga chini, na ile saruji ikachomoka nzima nzima. Maji meusi ya wiki kadhaa yakatoka kwa kishindo, yakamwagikia viatu vyake vyote viwili. Harufu ilifuata baadaye kidogo, ikakaa.

"Shikamoo mama," nikasema, maana sikuwa na jingine.

Hakuitikia. Aliinama, akaokota kile kifuniko cha saruji, akakigeuzageuza. Juu yake kulikuwa na alama ya kidole, wazi kabisa. Akamtazama mwanawe.

"Nani kaziba hapa?"

Shemeji alikuwa keshachuchumaa, anakagua magurudumu ya kiti kwa makini ya ajabu.

"Lakini mama," akasema bila kuinua kichwa, "kokoto niliweka."